Majina Yasiyo na Mawe: Kupiga Picha Kumbukumbu za Vita Mashariki mwa Nairobi

Kila siku, tangu alfajiri hadi usiku, makondakta wa matatu za Nairobi huliita jina la Kariokor mara zisizohesabika. Abiria hushuka, hununua viatu vya ngozi na viondo sokoni, hushika njia ya Pumwani au Eastleigh, kisha huenda zao. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba jina wanalolitamka ni jina la jeshi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika walioubeba mgongoni mzigo wa Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918. Mahali penye soko leo palikuwa kambi yao. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wanalo jina hilohilo, wakalitamka kwa namna yao: Kariakoo.

Likizo ya shule inapofika, familia nyingi za pwani hupanda gari la moshi au basi kwenda Nairobi kuwazuru jamaa waliohamia bara. Watoto hubeba simu zenye kamera, na hurudi na picha za majumba marefu na za wanyama wa mbuga. Wiki hii tunapendekeza safari ya aina nyingine, isiyo na gharama kubwa: kuzunguka mitaa ya mashariki ya mji huo, ambayo wenyeji huiita Eastlands, na kuzipiga picha kumbukumbu za vita zilizomo. Tunaipendekeza sasa kwa sababu muda si mrefu. Wazee wanaojua habari za mitaa hiyo wanatutoka mmoja baada ya mwingine, na nyumba zenyewe zinabomolewa ili magorofa yapate nafasi. Nyumba za zamani za halmashauri pale Pangani zimekwisha kuondoka, na mitaa mingine imo katika mipango kama hiyo.

Mitaa yenye majina ya kwetu

Mtu wa pwani akiyasoma majina ya mitaa hiyo huenda akadhani yuko nyumbani. Kaloleni ipo Nairobi na ipo Kilifi. Makadara ipo huko, na Mombasa pia iko Makadara. Majengo ni jina la mtaa wa Mombasa na ni jina la mtaa wa Pumwani. Shauri Moyo ipo Unguja, na Pangani ni mji mkongwe wa mwambao, kusini mwa Tanga. Mfanano huu una sababu yake. Miongoni mwa wakazi wa kwanza wa Kiafrika wa Nairobi walikuwamo wapagazi wa misafara, askari, wafanyabiashara na mafundi waliotoka mwambao, na wengi wao walikuwa Waislamu. Vijiji walivyovijenga mwanzoni mwa karne iliyopita viliitwa Pangani, Maskini, Kaburini, na kimojawapo kiliitwa Mombasa.

Baada ya vita, serikali ya kikoloni iliamua kuviondoa vijiji hivyo na kuwakusanya Waafrika mahali pamoja. Ndipo Pumwani ilipoanzishwa, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ilidumu zaidi ya vingine, nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wakapelekwa Shauri Moyo. Jina lenyewe la Shauri Moyo linatosha kueleza hali ya mtu aliyeambiwa ahame nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Kwa hiyo mwenye kwenda Pumwani na kamera yake haendi ugenini. Anakwenda kwenye mji uliojengwa na watu waliosali kama yeye na kuzungumza lugha yake. Msikiti wa Riyadha uliopo Pumwani ni ushahidi wa mizizi hiyo, na Kiswahili cha Majengo kingali na ladha ya mwambao.

Wapagazi walikuwa nani?

Vita ya Uingereza na Ujerumani ilipofika Afrika Mashariki mnamo Agosti 1914, majenerali waligundua jambo moja upesi. Nchi haikuwa na barabara za magari, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa malale baada ya kuumwa na mbung'o. Risasi, mahema, chakula na dawa havikuweza kufika medani ila kwa vichwa na mabega ya binadamu. Kwa kila askari mmoja aliyeshika bunduki walihitajika wapagazi kadhaa nyuma yake, na wapagazi nao walihitaji wapagazi wengine wa kuwabebea posho.

Mwanzoni waliajiriwa kwa hiari. Kadiri vita ilivyoendelea, machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa, na mwaka 1917 kukawa na msako mkubwa katika himaya yote. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Waliofariki, kwa makadirio ya wanahistoria, wanakaribia laki moja. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, kichomi, homa ya malaria, baridi ya milimani, na unga usiopikwa vizuri ambao matumbo ya wengine hayakuuzoea. Mvua iliwanyeshea bila hema, na mgonjwa aliyeanguka njiani mara nyingi alibaki njiani.

Mapigano yenyewe hayakuwa Nairobi. Nairobi ilikuwa mahali pa kukusanyiwa, kupewa nambari, na kupelekwa. Medani zilikuwa Taita na Taveta, ambako kilima cha Salaita kilishambuliwa bila mafanikio tarehe 12 Februari 1916, kisha kusini zaidi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, hadi Msumbiji. Msafiri wa Mombasa anayepita Voi hupita karibu na makaburi ya vita hiyo, na yapo mengine Maktau na Taveta. Huko atakuta mistari ya mawe yaliyopangwa vizuri, yenye majina ya Waingereza, Wahindi na watu wa Afrika Kusini. Jiwe la mpagazi hataliona kwa wepesi.

Jambo hili si dhana yetu. Mnamo Aprili 2021, tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliofariki katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka zaidi ya mia moja, wakati wajane wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Aidha, mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofariki haikuwafikia jamaa zao. Mke alibaki akingoja mtu, na wala hakupata senti.

Sanamu iliyoahidi majina

Kabla ya kuingia Eastlands ni vyema kuanzia katikati ya mji, kwenye barabara ya Kenyatta. Hapo ziko sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwa ukumbusho wa Waafrika wa vita ile. Yumo askari mwenye bunduki, na yumo mpagazi. Zilitengenezwa na mchongaji wa Uingereza James Alexander Stevenson, ambaye pia alitengeneza zile za Mombasa na ile ya askari mmoja iliyopo Dar es Salaam. Wasomaji wetu wa Mombasa huzipita sanamu za kwao pale Mwembe Tayari pasina kuzitazama.

Chini ya sanamu pana maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Maneno hayo yaliandaliwa na mwandishi mashuhuri wa Uingereza, Rudyard Kipling, ambaye mwanawe mwenyewe alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915. Mpiga picha na azunguke sanamu hiyo pande zote, atafute. Ataona ahadi ya majina, wala hataona jina hata moja la askari au la mpagazi.

Mombasa nayo ina funzo la aina hii. Mbele ya Ngome ya Yesu upo mnara wa kumbukumbu ya Meja Arthur Wavell, Mwingereza aliyewaandikisha Waarabu na Waswahili wa mwambao katika kikosi kilichoitwa Arab Rifles, akauawa karibu na Mwele, Kwale, mnamo Januari 1916. Mtu huyu alikuwa na kisa cha ajabu: kabla ya vita aliwahi kuingia Makka kwa kujisingizia kuwa ni Mzanzibari, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Jina lake linajulikana, na kitabu chake kipo. Ama vijana wa mwambao waliomfuata hadi Mwele, majina yao yako wapi? Pengine yamo katika nyumba zetu wenyewe, katika sanduku la nyanya ambalo hatujapata kulifungua.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama yafaa kwa Mwislamu kuipiga picha sanamu. Wanazuoni wana kauli zao katika suala la picha na masanamu, na mwenye shaka na amuulize sheikh wake. Sisi hatumwiti mtu kuitukuza sanamu. Tunamwita aihifadhi habari. Anayeona dhiki moyoni na apige picha ya maandishi peke yake, kwani maandishi ndiyo yenye habari.

Ukumbusho ambao ni jina

Ukitoka katikati ya mji na kuelekea mashariki, kumbukumbu hubadilika sura. Shaba na marumaru huisha, na yanayobaki ni majina. Kariokor ndilo la kwanza. Karibu na soko yapo makaburi ya Waislamu ya Kariokor, ambako familia nyingi za Nairobi zimewazika wapendwa wao. Jina la kikosi cha wapagazi sasa limekuwa jina la mahali pa kusomea dua.

Pumwani upo ukumbi unaoitwa Memorial Hall, uliojengwa katika miaka ya 1920 kuwa kumbukumbu ya Waafrika waliofariki katika vita ile. Ni ukumbusho wa aina nyingine kabisa: watu huutumia. Vizazi vimekutana humo kwa mikutano, michezo na sherehe. Apigaye picha hapa na asingoje watu waondoke. Watu ndio sehemu ya ukumbusho.

Mbele zaidi, kando ya barabara ya Jogoo, lipo soko la Burma. Wauza nyama wake ni maarufu, na wateja hutoka mbali. Jina lake limetoka katika Vita ya Pili ya Dunia. Wanajeshi wa Afrika Mashariki, wakiwamo wa King's African Rifles, walipelekwa Burma, wakapigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, penye mvua, tope na malaria, hadi mto Chindwin. Waliorudi walirudi na jina hilo. Mtu anayenunua kilo ya nyama hapo anatamka jina la medani iliyo ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Bahari hiyo yenyewe ni kaburi. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka bandari ya Mombasa ikiwa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 ilipigwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama katika muda wa dakika chache. Walifariki watu takriban 1,300. Wanajeshi wa Afrika Mashariki wa Vita ya Pili wasio na kaburi wamechongewa majina kwenye ukumbusho uliomo katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, magharibi mwa Nairobi. Familia yenye nafasi na ifike huko pia, iyaone majina ya Kiafrika yaliyochongwa herufi kwa herufi. Ndipo itakapofahamu walichonyimwa wapagazi wa vita iliyotangulia.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya vita hiyo ya pili, na wakazi wake husimulia kuwa mateka wa Kitaliano walishiriki kuijenga. Mpango wa nyumba zake, zenye miti na viwanja katikati, ungali unaonekana. Mwenye kamera na aupige sasa, wakati paa na madirisha ya asili bado yapo.

Mitaa iliyogeuka medani

Mpaka hapa tumezungumzia vita vya mbali vilivyoacha majina Nairobi. Lakini iko vita iliyopiganwa ndani ya Eastlands yenyewe. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952 ili kuwakandamiza Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji na kuanza msako mkubwa walioupa jina la Anvil. Watu walitolewa nyumbani mtaa kwa mtaa, wakapangwa mistari, wakachujwa kwa kabila. Katika majuma machache zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipelekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Milango mingi iliyogongwa alfajiri ile ilikuwa katika mitaa hii tunayoizungumzia.

Majina mawili ya mitaa yamebaki yakieleza jinsi vita hiyo ilivyokata pande zote. Mtaa wa Mbotela umeitwa kwa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa ukoo uliotoka Freretown, Mombasa, aliyepinga matumizi ya nguvu akauawa Nairobi mnamo Novemba 1952. Mitaa ya Ofafa Maringo na Ofafa Jericho inalo jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Waliovitaja vifo hivyo kuwa mauaji ya wasaliti na waliovitaja kuwa mauaji ya watu wema waliishi jirani, wakachota maji kwenye bomba moja. Mpiga picha mwenye busara hachagui upande wa kuufuta. Anauliza, anasikiliza, na anaandika aliyoambiwa pamoja na jina la aliyemwambia, ikiwa mwenyewe ameridhia.

Namna ya kupiga picha zenye faida

Simu ya kawaida inatosha. Kinachohitajika zaidi ni utaratibu. Tumekusanya hapa mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyafuata.

Kwanza, piga picha ya mahali pote kabla ya kukaribia. Onyesha ukumbi wa Pumwani pamoja na barabara yake, maduka na watu wapitao. Baada ya miaka 30, kibanda cha jirani kitakuwa na thamani sawa na ukumbi. Kisha sogea: mlango, ukuta, kibao, herufi.

Pili, tafuta mwanga wa ubavuni. Maandishi yaliyochakaa hayasomeki adhuhuri, jua likiwa utosini. Saa moja na nusu asubuhi, au baada ya alasiri, jua hupita kando ya jiwe na kila herufi hupata kivuli chake. Ikiwa jiwe liko kivulini, mtoto mmoja na ashike tochi kando, usawa wa jiwe, huku mwingine akipiga picha. Usiwashe taa ya kamera mbele ya maandishi, kwa sababu huyasawazisha yote.

Tatu, usisugue wala usipake chochote. Wapo wanaopaka chaki au unga ili herufi zionekane, na wapo wanaotumia brashi ya waya. Jiwe huliwa na vitendo hivyo. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini, basi.

Nne, andika siku hiyohiyo. Picha isiyo na maelezo ni bubu. Andika mahali, tarehe, kilichoonekana, na nani aliyesimulia. Mtoto mwenye mwandiko mzuri na apewe kazi hiyo katika daftari moja, na kila picha ipewe nambari.

Tano, weka nakala mahali pasipopungua patatu: katika simu, katika kifaa cha kuhifadhia, na kwa jamaa aishiye mji mwingine. Simu hupotea, na kumbukumbu hupotea pamoja nayo.

Wazazi wanaotaka kuwapa vijana wao mfano wana mfano mkubwa kutoka mitaa hiyohiyo. Mohamed Amin, Mwislamu aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943, alikuwa mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa habari duniani. Picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 zilizitikisa nchi tajiri zikatoa msaada. Alichapisha pia kitabu cha picha za Hija. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na Ngazija. Kamera mikononi mwa mtu mwenye dhamira si mchezo.

Adabu na tahadhari

Makaburini tunaingia kwa salamu kwa waliotangulia, kama tulivyofunzwa, kisha dua, kisha kamera. Hatukanyagi kaburi wala hatukai juu yake. Palipo na mazishi tunaiweka simu mfukoni kabisa, na jiwe la kaburi la watu wengine halipigwi picha ya karibu bila idhini ya wenyewe. Sisi wenyewe hatutulii tukiona picha ya marehemu wetu ikizunguka mikononi mwa watu tusiowajua.

Sokoni na mitaani, ombeni ruhusa. Wanawake wa Majengo wana sitara yao kama sisi, na mfanyabiashara wa Gikomba ana haki ya kukataa. Mara nyingi kina mama wakiombwa na kina mama wenzao hukubali, na chai huletwa. Wageni na wafuatane na mwenyeji, wasitembee na vifaa vya thamani wazi, na watoke kabla ya Magharibi.

Jambo moja halina mjadala. Uwanja wa ndege wa kijeshi wa Eastleigh, ambao nao una historia ndefu tangu Vita ya Pili, haupigwi picha. Hivyo hivyo kambi na vituo vya polisi. Mwelezeni mtoto sababu kabla ya kutoka nyumbani.

Hazina iliyo sandukuni

Ziara ya Eastlands ikiisha, kazi iliyo muhimu zaidi huwa bado. Nayo ni kazi ya nyumbani, na wenye kuiweza ni wanawake.

Historia ya Pumwani na Pangani inatuonyesha kwamba miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi. Walijenga, walipangisha, walilea watoto wa wengine, na ndio waliohifadhi karatasi. Hata leo, katika familia nyingi, mwenye kujua nani alizaliwa mwaka gani, nani alikwenda vitani na nani hakurudi, ni bibi. Wanaume hutunza hati za shamba. Bibi hutunza majina.

Kaa naye. Mwombe afungue sanduku. Huenda mkakuta kipande cha zamani, barua ya jeshi, picha ya kijana aliyevaa sare, au medali iliyoachwa kwenye kitambaa. Viweke juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, pasipo na jua kali, mvipige picha mbele na nyuma. Medali ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza huwa na nambari na jina la mwenyewe ukingoni, kwenye unene wake. Pigeni picha ya ukingo huo. Huenda likawa ndilo jina pekee la babu yenu lililochongwa na mkono wa serikali. Kisha rekodini sauti ya bibi akisimulia kwa maneno yake, msimkate kauli, na msimsahihishe tarehe. Tarehe mtaitafuta baadaye. Sauti yake hamtaipata tena.

Tunawaomba wasomaji wafanye jambo moja baada ya kusoma makala haya. Kabla ya Ijumaa ijayo, kila familia na iandike jina moja la mtu wake aliyekwenda vitani, awe mpagazi, askari, mpishi au muuguzi, pamoja na jina la baba yake na kijiji alichotoka. Iwapo jina halijulikani, basi andikeni habari inayojulikana: ndugu wa babu aliyekwenda na Wazungu, asirudi. Hiyo nayo ni kumbukumbu. Wapeni watoto waisome kwa sauti, kisha ifungeni pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, mahali ambapo kila mmoja nyumbani anapajua.

Ahadi iliyochongwa chini ya sanamu ya Nairobi ilitolewa na serikali ambayo haikuyaandika majina ya watu wake. Bali ahadi hiyo iliwataja wana, na wana ni sisi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, waliozikwa na wasiozikwa, wanaojulikana na wasiojulikana ila Kwake, na atujaalie kuwa watu wenye kuhifadhi. Amin.